Mkono wa Baskeli Juu ya Pikipiki

Alasiri moja, maji yamekupwa, nilikaa kwenye baraza ya duka hatua chache kutoka njia panda ya Paje, nikawa natazama wapitao kwa magurudumu mawili. Daladala ya 309 ilikata kulia kwenda Jambiani, ya 324 ikakata kushoto kwenda Bwejuu, na katikati yao wakapita watu wa kila namna. Mvuvi na baskeli yake ya chuma, Phoenix, pweza watatu wananing'inia kwenye usukani. Wageni wawili juu ya skuta ya kukodi, pekupeku, mmoja kakumbatia kwapani ubao wa kaiti, ule mchezo wa kuteleza majini kwa tiara. Mwalimu wa skuli na vespa yake, mke kakaa upande nyuma, buibui kalikusanya mapajani. Kisha gari la ng'ombe limesheheni makuti, lisilo na haraka na mtu. Lakini aliyenivutia zaidi ni bwana mmoja niliyemwona mara mbili. Kwanza alitoka pwani na baskeli, gunia la mwani kwenye keria. Haikupita nusu saa akarudi njia ile ile juu ya pikipiki, kabadilisha shati, anaelekea mjini.

Watu kama yeye si haba upande huu wa Unguja. Baskeli ni ya pwani na shamba, pikipiki ni ya mjini, kilomita hamsini hivi kwa kupitia Kitogani, Jozani na Tunguu. Na si shida peke yake inayowapandisha. Wako wanaopenda tu kile chombo: upepo usoni, kulala kidogo kwenye kona, kusimama popote ukamsalimia mtu bila kutafuta pa kuegesha. Mwenye mapenzi hayo huyapata kwa baskeli utotoni, akaja kuyaendeleza kwa injini ukubwani.

Barazani suala hili lina kambi mbili. Wa kwanza husema anayejua baskeli kashajua pikipiki, kilichobaki ni kujifunza mafuta na gia. Wa pili husema vijana wetu wanaumia kwa sababu ya imani hiyo hiyo. Nimezisikiliza kambi zote miaka mingi, na ninavyoona kila moja imeshika kiungo kimoja cha mwili. Baskeli inayafunza macho vizuri sana, na mikono inaifunza vibaya. Mtu anapohama kutoka chombo kimoja kwenda kingine, na kurudi, anahama na vyote viwili bila kuchagua.

Nianze na mikono, maana wangu ndio ulionitia adabu. Rafiki aliniazima pikipiki ya gia baada ya miaka ishirini ya baskeli. Barabara ya Bwejuu, mchana kweupe, mbuzi akakatiza. Mkono wa kushoto ukabana kwa nguvu zake zote, kwa sababu kwenye baskeli yangu kushoto ni breki ya nyuma, ile breki ya upole isiyomwangusha mtu. Kwenye pikipiki ya gia kushoto ni klachi. Injini ikaachana na gurudumu, ikanguruma peke yake, na chombo kikateleza mbele kana kwamba kuna aliyekisukuma. Mbuzi ndiye aliyeruka. Mimi sikufanya lolote la maana ila kuishia kwenye mchanga wa pembeni, goti limechunika, na watoto wawili wananitazama kwa hamu ya kuona kama nitalia.

Baadaye nilikaa nikapanga vidole vyangu upya. Kwenye pikipiki ya gia, kulia mkononi ni breki ya mbele, kushoto klachi, na breki ya nyuma iko chini ya mguu wa kulia. Skuta isiyo na gia haina klachi ya mkono: kulia ni mbele, kushoto ni nyuma. Vespa ya zamani ina mambo yake, klachi na gia zote zimo katika mkono mmoja wa kushoto. Ukija kwenye baskeli, zile zilizofuata mtindo wa Kiingereza huweka breki ya mbele kulia. Lakini baskeli nyingi za mtumba tunazopanda siku hizi zimetoka Uholanzi na Ujerumani, na huko breki ya mbele huwekwa kushoto, ama baskeli haina breki ya mkono kabisa, unarudisha pedeli nyuma ndio inasimama. Sasa mchukue kijana wa Paje mwenye baskeli ya mtumba nyumbani, anayeendesha skuta ya kazini mchana na pikipiki ya kaka yake usiku. Mguu na mikono yake imesomeshwa vitabu vitatu vinavyopingana. Akiwa ametulia atavikumbuka vyote. Mbuzi akikatiza, mkono haungoji kichwa kifungue ukurasa.

Kuna na suala la breki ya mbele, ambalo naliona zito kuliko yote na linazungumzwa kidogo kuliko yote. Fundi aliyenifunza baskeli nilipokuwa mdogo aliniambia, "Ya mbele usiiguse mwanangu, itakurusha." Alikuwa hajakosea. Baskeli ni fupi na nyepesi, mpandaji ndiye mzigo, naye kakaa juu. Ukibana mbele ghafla, baskeli inasimama wewe unaendelea. Wosia ule ukahamishwa mzima mzima hadi kwenye pikipiki, na huko ndiko unakoua. Pikipiki ya kawaida ni chuma cha zaidi ya kilo mia, ndefu, injini iko chini. Inapofunga breki uzito wote unamiminikia mbele: tairi la mbele linakandamizwa kwenye lami na linapata mshiko, la nyuma linabaki jepesi na linaburuta. Kwenye lami kavu, nguvu kubwa ya kusimama iko mbele. Anayekanyaga ya nyuma peke yake anasikia tairi likilia, anaona moshi kidogo, anadhani anasimama, kumbe anaelea kwenda kwenye bampa la daladala. Watafiti wa Marekani waliochunguza ajali za pikipiki miaka ya 1970 waliliona jambo hilo hilo: wapandaji wengi wakibanwa hukanyaga ya nyuma mpaka chombo kinaserereka, na ile ya mbele hawaitumii ipasavyo.

Ila Paje ina hila yake. Wakati wa kusi upepo unavusha mchanga mpaka barabarani, na ukitoka kwenye lami kuingia vichochoroni kuelekea baharini, mchanga ni wako. Hapo wosia wa fundi unarudi kuwa kweli. Breki ya mbele juu ya mchanga inalilaza gurudumu kabla hujasema bismillahi. Kwa hiyo katika hatua mia moja, mtu mmoja anahitaji kanuni mbili: mwendo unauua ukiwa bado kwenye lami, kwa mkono wa kulia unaobana taratibu kisha kwa nguvu, ukifika mchangani umeshaachia, usukani umenyooka, breki ya nyuma ndiyo inayofanya kazi. Wageni wa skuta hawaambiwi haya na anayewakodisha. Huambiwa mafuta yanauzwa wapi na kibali kionyeshwe trafiki akisimamisha. Magoti yaliyofungwa bendeji kwenye meza za mikahawa ya pwani unaweza kuyahesabu mwenyewe.

Macho ni habari nyingine, na hapa kambi ya kwanza ina haki yake. Aliyekulia juu ya baskeli anaisoma barabara kama mvuvi anavyosoma maji. Anajua daladala iliyosimama ina mlango utakaomwaga watu. Anajua mpira ukitoka uchochoroni, nyuma yake kuna mtoto. Anajua kuku atabadilisha nia katikati ya njia, ng'ombe hatabadilisha. Haya hayamo katika mtihani wa leseni, na mtu aliyejifunzia ndani ya gari lenye vioo vilivyopandishwa huchukua miaka kuyapata.

Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa matokeo ya uchunguzi wa ajali za pikipiki zipatazo 900 za Los Angeles, walizozifuata papo hapo barabarani. Pale pikipiki ilipogongana na chombo kingine, mara mbili katika kila tatu mwenye gari ndiye aliyeikatia njia, na sababu iliyojirudia ni kwamba hakuiona, au aliiona imeshachelewa. Robo karne baadaye watafiti wa Ulaya wakauliza swali la upande wa pili: je, dereva wa gari ambaye ana leseni ya pikipiki pia naye huwakatia njia wenzake wa pikipiki kwa kiasi kile kile? Wakakuta kuwa hulaumika kidogo kuliko wengine. Kupanda kunayafungua macho hata mtu anaposhika chombo kingine. Ndiyo maana dereva wa gari za abiria aliyewahi kuendesha baskeli namjua kwa mbali. Akikupita anakuachia nafasi ya kuyumba, kwa sababu kiuno chake kinakumbuka.

Lakini macho haya yamezoea mwendo mmoja. Mtu wa baskeli anakwenda kilomita 15 kwa saa, yaani mita nne na kidogo kwa sekunde. Akishtuka, sekunde moja inapita kabla mkono haujabana, kisha mita mbili hivi za breki, kasimama. Mita sita jumla, urefu wa gari ndogo na ziada. Mtu yule yule kwenye kilomita 60 kwa saa anakula karibu mita 17 katika ile sekunde ya kushtuka peke yake, na mita 20 nyingine za breki hata kama lami ni kavu na breki ni nzima. Kati ya anachokiona na anapoweza kusimama pana mita 37. Macho ya baskeli yanatafuta hatari hatua kumi na tano mbele, na yanaiona vizuri kabisa. Yanaiona ikiwa haina tena faida.

Kuhama huku hakukuanza Paje. Neno lenyewe bodaboda lilizaliwa juu ya baskeli. Miaka ya 1960 huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana waliwavusha abiria kwa baskeli kutoka kituo cha forodha cha upande mmoja hadi cha pili, wakinadi kwa sauti "boda-boda", yaani mpaka kwa mpaka kwa Kiingereza cha mitaani. Injini ilikuja baadaye. Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, na Tanzania Bara ilipotunga kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za abiria mwaka 2010, kazi iliyokuwa ya miguu ikawa ya petroli ndani ya miaka michache. Keria ikawa siti, abiria akabaki yule yule, na dereva mara nyingi naye yule yule. Hata tabia ya kupakia mishikaki, watu watatu wamebanana kwenye chombo cha wawili, ilitoka kwenye baskeli, ambako mtoto anakaa kwenye bomba na mama kwenye keria na hakuna aliyeona ajabu. Wengi walijifunza kwa rafiki, jioni, kwenye kiwanja cha mpira, na mtihani wao wa kwanza ulikuwa barabara kuu.

Kuhusu kofia ngumu sitakaa sana, maana ushahidi wake hauna ubishi. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kuwa kwa waendesha pikipiki inapunguza uwezekano wa kufa ajalini kwa asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kwa baskeli nayo inasaidia sana. Ninachotaka kukieleza ni kosa la watu wa vyombo viwili: kuvaa kofia ya baskeli juu ya pikipiki. Ya baskeli, kwa kipimo cha Ulaya, hujaribiwa kwa kuidondosha kwenye chuma kwa mwendo usiofika kilomita 20 kwa saa. Ya pikipiki imejaribiwa muda mrefu kwa kilomita 27. Tofauti inaonekana ndogo, lakini nguvu ya kishindo huongezeka kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo ni karibu maradufu. Tena lile povu gumu la ndani linafanya kazi mara moja tu. Likishabonyea katika anguko moja, ulichobaki nacho ni pambo, na kofia nyingi za kukodisha sitaki kufikiria zimeshaanguka mara ngapi. Na mkanda ufungwe. Kofia isiyofungwa kidevuni hufika chini kabla ya mwenyewe.

Nguo zetu zina fiqhi yake pia. Kanzu nyeupe usiku ni rafiki, taa ya gari inaidaka mbali. Buibui jeusi halionekani mpaka limekaribia, na likiachiwa lipepee upande wa gurudumu linaingia kwenye spoku au mnyororo likamvuta mwenyewe chini. Baskeli za Kiholanzi zina kinga ya mnyororo na kitambaa cha kufunika ubavu wa gurudumu la nyuma, kwa sababu na huko wanawake walipanda na magauni. Zikifika huku vitu hivyo ndivyo vinavyong'olewa kwanza, ati vinapiga kelele.

Haya yote ni ya mpandaji. Lakini nikiulizwa ni kipi kimeokoa roho nyingi katika barabara ya kuja Paje, sitataja mahubiri ya usalama wala mabango. Nitataja matuta ya Jozani, na roho zenyewe si za watu. Barabara inayokata msitu, ambao tangu 2004 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, ilipotiwa lami nzuri miaka ya 1990, magari yakakimbia na kima punju wakawa wanagongwa. Watafiti Thomas Struhsaker na Kirstin Siex walikadiria kima mmoja kila wiki mbili au tatu. Yakawekwa matuta manne. Vifo vikashuka hadi kima mmoja kwa wiki sita hivi. Madereva hawakuhubiriwa kitu. Ekseli za magari yao zilisema nao.

Kwa watu, mfano uko ng'ambo ya bahari. Dar es Salaam, shirika la Amend lilijenga matuta, njia za miguu na vivuko kuzunguka skuli za msingi, na utafiti uliotolewa mwaka 2019 ukaonyesha watoto walioumia barabarani wamepungua kwa asilimia 26 kulinganisha na skuli zisizojengewa. Ni saruji na rangi tu. Duniani watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, na katika hao elfu 71 ni wa baskeli, idadi iliyopanda wakati vifo vya wenye magari vikipungua. Mtu wa baskeli anakufa kwa mwendo wa mwenzake, kwa hiyo usalama wake uko zaidi kwenye barabara kuliko kichwani mwake.

Hata matuta lakini yana ufundi. Tuta linalomaliza upana wote wa lami linamlazimisha mwenye baskeli ashuke, au lirushe samaki wake. Likiachiwa upenyo pembeni ili baskeli ipite, bodaboda nao wanaukimbilia upenyo ule ule bila kupunguza mwendo, na hapo ndipo wawili hao hukutana, mmoja na mita zake sita, mwenzake na mita 37. Nimeona chuma kikisimikwa katikati ya upenyo wa namna hiyo, kikiacha upana wa usukani wa baskeli na si zaidi. Aliyefikiria hivyo nadhani anapanda vyote viwili.

Iko pia njia nyingine ambayo Paje imejaaliwa: ufuo. Maji yakipwa mchanga uliolowa unakuwa mgumu kama sakafu, na mtu wa baskeli anakwenda Bwejuu au Jambiani bila kuona gari. Wenyeji wanajua kupwa kunasogea mbele kwa dakika hamsini hivi kila siku, kwa hiyo safari ya leo ya asubuhi, baada ya wiki ni ya mchana. Wanajua kuinamisha macho kutafuta kamba za madau na vijiti vya mwani, na siku hizi kuyainua kutafuta nyuzi za kaiti, ambazo ni nyembamba, zimekazwa, na ziko usawa wa shingo. Chumvi nayo inakula waya wa breki ndani kwa ndani, nje unaona rangi nzima. Baskeli ya pwani isiyosuuzwa kwa maji ya kisima, breki yake ni ahadi tu. Skuta ufuoni mimi siitaki. Watoto wanakimbia kule wakiamini hakuna injini, na kwa sauti ya mawimbi hawataisikia ikija.

Anayerudi kutoka pikipiki kwenda baskeli hatajwi na mtu, naye ana hatari yake. Amezoea honi, anasahau kengele. Amezoea vioo, anasahau kugeuza shingo kabla ya kukata kulia. Kikubwa zaidi, amezoea taa inayowaka yenyewe injini ikiwaka, na baada ya sala ya Ishaa anajikuta kwenye barabara ya Kitogani juu ya kitu cheusi, kimya, kisicho na mwanga, anapitwa na watu wanaokwenda kama alivyokuwa akienda yeye jana. Ramadhani, ile robo saa kabla ya adhana ya Magharibi, kila mtu anakimbilia futari na jua liko machoni kwa wanaoelekea mjini. Wakati huo mimi hushuka nikakokota.

Fundi wa baskeli niliyekwenda kumwona siku ile, baada ya kuondoka barazani, anafanya kazi chini ya mkungu nyuma ya nyumba yake. Nilimkuta ana baskeli ya mtumba imepinduliwa, rangi ya kijani, ina kibandiko cha duka la Utrecht. Mwenye baskeli, kijana wa hoteli, kachuchumaa pembeni.

"Una pikipiki?" fundi akamuuliza.

"Skuta ya kazini, ami. Kwani vipi?"

Hakumjibu. Alifungua nati mbili, akachomoa waya wa breki ya kushoto, akachomoa na wa kulia, akazikatiza juu ya usukani, akazirudisha kila mmoja mahali pa mwenzake. Akaigeuza baskeli ikasimama, akaushika mkono wa kijana wa kulia, akaubana juu ya breki mpaka gurudumu la mbele likaganda. Kisha akamwambia azunguke mkungu mara kumi huku akifunga breki, kwanza uwanja mgumu, halafu kule kwenye mchanga, naye akakaa kitako kuhesabu.